Mutuka ya mchanga juu ya gudro



Najua mulizoea niandike hapa juu ya reli, mikataba na machifu. Leo naleta mutuka ya kuchezea. Musicheke haraka, soma kwanza.

Mwezi wa nane wa mwaka jana, yaya wangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja likizo kutoka Bruxelles. Ndani ya valizi, katikati ya nguo za watoto, alikuwa amefunga bagi moja ya telekomande: Hornet ya kampuni ya Tamiya, nyeusi, na pine za nyuma zenye meno yamesimama sawa vile misumari. Aliinunua ku soko ya vitu vya zamani ya Place du Jeu de Balle, kule Marolles, mahali watu wanatandika mali chini kila asubuhi. Hornet ilitoka mwaka 1984. Maana yake ile mutuka inanipita umri, na yaya aliniambia niiheshimu kama mukubwa wangu. Akaiacha pamoja na telekomande ya kisasa, batri moja na chaja yake. "Uichunge," akasema. "Noeli ya mwaka ujao nitakuja kuiona."

Sasa, kwetu hapa Lubumbashi udongo haukosekane. Avenyi yetu yote ni vumbi nyekundu, na mu kiangazi ile vumbi inaingia mpaka ndani ya sahani. Bagi ni mutuka ya udongo, jina lake lote ni udongo. Lakini siye tulifanya nini? Tuliibeba ku mikono, tukapita ile vumbi yote, tukaenda kuiweka juu ya kipande cha lami, kile gudro ya njia kubwa, mahali magari hayapite sana siku ya Mungu. Juu ya nini? Juu kule njo inakimbia. Watoto wote wa kartie wanajua: ku udongo inaruka-ruka, ku gudro inalia kama mutuka ya kweli.

Mwezi mmoja haukuisha. Meno ya katikati ya pine za nyuma yalikuwa yameliwa, pine inangaa kama kisigino cha kiatu cha mwalimu. Ilikuwa imepinduka mara sijui ngapi, pembe za karoseri zimepasuka. Na batri, nitaisemea mbele.

Nikauliza watu wenye kujua haya mambo. Jibu lilikuwa moja: haikutengenezwa kwa lami, umeitumia vibaya. Mimi niko mtu wa historia. Mtu akiniambia kitu "kilitengenezwa kwa ajili ya" hiki ao kile, nauliza: nani alisema, lini, na watu wenyewe waliitumia namna gani? Njo nikaanza kusoma.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza: mutuka za telekomande zilizaliwa juu ya lami. Katikati ya miaka ya 1960, kampuni moja ya Italia, El-Gi ya Reggio Emilia, ilikuwa inauza Ferrari 250LM ndogo ya umeme yenye kuongozwa na redio. Ku Marekani, zaidi California, watu walifunga mota ndogo za mafuta ndani ya mutuka za ukubwa wa moja kwa nane, wakashindana kwenye parkingi za magari zikiwa tupu. Mwaka 1967 wakaunda shirika lao la mashindano, ROAR. Zilikuwa mutuka za chini kabisa, tumbo linakaribia kugusa njia. Uziweke mu mchanga, zinazama palepale.

Tamiya nayo iliingia kwa mlango wa lami. Ile kampuni ya Shizuoka, ku Japani, ilianza mwaka 1946 na kazi ya mbao. Mbao zikaleta vitu vya kuchezea vya mbao, moto ukaunguza kiwanda mwaka 1951, wakaanza tena, kisha wakahamia ku plastiki. Mutuka yao ya kwanza ya telekomande, Porsche 934, ilitoka mwaka 1976. Porsche! Hakuna mtu ananunua Porsche apeleke mu matope.

Basi bagi ilitoka wapi? Hapa historia inapiga kona, na mimi napenda hii kona kuliko yote.

Bagi ya kweli, ile ya mtu kuikalia, ilitoka ku Volkswagen. Wazee wetu wanaijua ile mutuka, Coccinelle, mota yake iko nyuma na haitake maji, inapozwa na upepo tu. Ni mutuka ya njia, ya baba kupeleka watoto ku masomo. Lakini ku California, mtu mmoja fundi wa mashua, Bruce Meyers, aliona kwamba mota nyuma maana yake uzito uko juu ya pine zenye kusukuma, na hiyo mu mchanga ni mali. Mwaka 1964 alitengeneza mwili mwepesi wa fibre, kama anatengeneza mashua, akaufungia mota na miguu ya Volkswagen. Akaiita Meyers Manx. Mwaka 1967 Manx ilishinda mbio ya kwanza ya jangwa la Baja California, ku Meksiko, ile waliita Mexican 1000. Basi, kabla ya mtu kusema bagi haina haki ya kukanyaga lami, ajue kwamba bagi yenyewe ni mutuka ya lami yenye ilitoroka ikaenda mu mchanga.

Mwaka 1979 Tamiya ikafanya zile mbili za kwanza za moja kwa kumi: Rough Rider na Sand Scorcher. Ya pili ilikuwa Coccinelle kabisa, ya jangwa. Miguu yake ya chuma iliiga ya Volkswagen, na redio ilifungiwa ndani ya sanduku lisiloingiza maji. Kisha miaka ya 1980 mlango ukafunguka. Frog ikatoka 1983, Grasshopper na Hornet 1984. Mwaka uleule 1984, Team Associated ya California ikaleta RC10, yenye chasi ya aluminiamu ya rangi ya zahabu, mutuka ya watu wa mashindano. Mwaka 1985 wakafanya mashindano ya kwanza ya dunia ya bagi za umeme za moja kwa kumi, kulekule California.

Angalia picha za masanduku ya wakati ule. Mchanga, vumbi, bagi iko hewani. Sasa fikiri mutoto mwenye alipewa lile sanduku siku ya kuzaliwa. Anaishi wapi? Mu mji wa Japani, ya Uingereza, ya Marekani. Hana jangwa nyuma ya nyumba. Yuko na njia ya mbele ya mlango, parkingi ya duka, kiwanja cha masomo chenye kumwagiwa lami. Picha ilikuwa mchanga, maisha yalikuwa gudro. Na mutoto hakusoma picha, alisoma njia yenye alikuwa nayo.

Nini inapita wakati bagi inakanyaga lami? Nitaeleza kidogo, juu hapa njo historia yote inatokea, na juu ndugu yangu mdogo, mwenye diplome ya elektromekanike, alinifundisha kwa kunionyesha ku mutuka yenyewe.

Anza na pine. Yale meno yanafanya kazi kwa kuzama: yanachoma udongo laini, yanashika. Ku lami hayana pa kuzama. Mutuka inasimama juu ya ncha tu, sawa vile mama mwenye viatu vya kisigino kirefu juu ya sima. Kila ncha inapinda, inasuguliwa, inapata moto, inakatika. Tena kwa mwendo mkali pine inavimba katikati, juu mzunguko unavuta mpira kwenda inje. Kwa hiyo paka mstari wa katikati njo unagusa njia, na huo mstari njo unaisha wa kwanza. Siku hizi kuna pine zenye mkanda ndani ili zisivimbe. Mu 1984 hapakuwa kitu kama hicho.

Kisha kupinduka. Mu udongo, ukikata kona kwa nguvu, pine zinateleza kabla mutuka haijainuka. Ule utelezi ni ulinzi. Ku lami, meno yakiisha kulika na mpira kuwa laini, pine zinashika na hazitake kuachia. Bagi iko juu, resori zake ni laini na ndefu kwa ajili ya kuruka. Mwili unalala inje ya kona, pine ya ndani inanyanyuka, na umeisha. Kumbe kitu chenye kilikuwa kinatuangusha haikuwa lami mbaya, ilikuwa lami nzuri kupita kiasi.

Ku mota, tusilaumu lami peke yake. Majani marefu yanaichosha mota kuliko gudro. Tatizo ni mtu. Njia ikinyooka, kidole hakitoke. Nilishika mota ya Hornet baada ya zamu ya tatu, nikaungua kidole, alama iko mpaka leo.

Sasa turudie kwa wale watoto wa miaka ya 1980. Hawakuandika kitabu. Walifanya mambo madogomadogo: pine laini badala ya meno, resori ngumu zaidi, mwili ushuke chini, karoseri ya mutuka ya kawaida juu ya chasi ya bagi. Wakati huo bagi zenyewe zilikuwa zimeanza kusukumwa na pine zote ine: Hotshot ya Tamiya mwaka 1985, Optima ya Kyosho mwaka uleule. Bagi ya pine ine ikishushwa chini na kupewa pine laini haipinduke ovyo, na ikitoka ku kona inavuta kama imefungwa na kamba.

Tamiya ilikuwa na bagi moja ya hivyo, Manta Ray, ya mwaka 1990. Mwaka 1991 wakachukua sanduku zake za meno, mbele na nyuma, wakafupisha mikono ya miguu ili upana uingie chini ya karoseri ya mutuka ya njia, wakaweka juu Toyota Celica. Wakaiita TA-01. Fungua ile Celica: ndani kuna bagi. Na kutoka pale ikazaliwa familia nzima yenye watu wanaita touring, mutuka za moja kwa kumi zenye sura ya Mercedes, BMW, Nissan, mutuka zenye mtu anaona kila siku mu njia. Mu miaka ile ya 1990 makampuni yote makubwa yaliingia mule. Mashindano ya touring yakajaza zile parkingi zilezile zenye watu wa California walitumia zamani, na mwisho yakapata mashindano yake ya dunia.

Nilipomwelezea ndugu yangu mdogo hii sehemu, alikuwa ameinama juu ya chasi na turnevisi. Kwa wenye hawamjui: alisoma miaka tano mambo ya mashini za migodi, leo anauza kredi za simu na kutengeneza radio za watu. Akasema pasipo kuinua kichwa: "Basi siye wote tuko Manta Ray." Nikamwambia aache mezali yake, ashike mutuka.

Hadithi haikuishia ku touring. Mu miaka ya 2000 Kyosho ilichukua bagi yake kubwa ya moja kwa nane, Inferno, yenye ilikuwa imeshinda kila mahali mu udongo, ikaiwekea pine za njia na karoseri ndefu, ikaiita Inferno GT. Wazo lilelile, miaka zaidi ya kumi baadaye. Na leo ku Ulaya mambo yamegeuka kabisa: bagi mingi za mashindano zinakimbia ndani ya nyumba, juu ya zulia ao juu ya majani ya plastiki, na pine zenye meno mafupi mafupi sawa vile ndevu za siku mbili. Kuna bagi zenye haziguse udongo tangu zinunuliwe mpaka ziuzwe. Dereva mmoja wa zamani akiziona atasema hii si bagi. Lakini ukiniuliza mimi, ile ya Meyers nayo haikuwa Volkswagen.

Batri sasa. Hii sehemu inaniuma.

Hornet ya 1984 ilitembea na batri ya nikeli na kadmiamu: vyumba sita, kila kimoja volti 1.2, jumla 7.2. Ile batri ilikuwa mvumilivu. Ikiisha, mutuka inaanza kutambaa, unaitoa, unachaji, hakuna kesi. Watu wa mashindano hata walikuwa wanaimaliza kwa makusudi kabla ya kuichaji. Kuongoza mwendo kulifanywa na kidude cha mekanike: kidole cha shaba kinasukumwa juu ya vipande vya chuma, na ukienda polepole umeme wenye haukutumika unageuka moto tu ndani ya jiwe jeupe la serami. Hakina akili yoyote ndani.

Yaya alikuwa ametoa batri ya zamani, akaweka ya lithiamu, vyumba viwili vya volti 3.7, jumla 7.4. Karibu sawasawa. Mutuka ilipata nguvu mpya. Lakini lithiamu haivumilie kumalizwa. Chumba kikishuka chini ya volti 3 hivi, kinaanza kufa. Mutuka za leo ziko na kifaa cha elektronike chenye kukata umeme kabla ya pale. Ile ya 1984 haiwezi kujua. Na siye tulikuwa na watoto kumi na mbili mu foleni, kila mmoja anadai zamu yake, mutuka inatambaa na bado wanasema "kidogo tu, yaya, kidogo tu". Nami nikawa na roho nzuri. Asubuhi batri ilikuwa imevimba kama mkate.

Mwaka 1991, mwaka uleule wa TA-01, Sony ilileta sokoni batri ya kwanza ya lithiamu-ioni, na ndani yake mulikuwa kobalti. Batri ya aina ya ile yetu bado inatengenezwa sana na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yenye kuchimbwa dunia nzima inatoka hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Sina namna ya kujua mawe ya batri yangu yalitoka shimo gani. Lakini nilikaa pale mbele ya mlango, na lile fuko lililovimba ndani ya ndoo ya mchanga, nikafikiri safari yake. Kamio kwenda ku bahari, meli kwenda ku Asia, ndege ao meli tena kwenda ku Ulaya, valizi ya yaya kurudi hapa. Huenda ilirudi kilomita mia tatu ao chini ya hapo kutoka shimo lake, na nikaiua kwa roho nzuri juu ya gudro. Nimeuliza mahali pa kupeleka batri iliyoharibika hapa mjini. Kila mtu aliniangalia kama nimeuliza mahali pa kuzika pepo. Bado iko mu ndoo.

Ndugu yangu mdogo hakulia, yeye alifanya kazi. Alitafuta batri ya nikeli ya zamani ku muuzaji wa vifaa, ya aina ya nikeli-metali, volti 7.2, yenye nguvu ndogo lakini yenye kuvumilia watoto. Kisha pine. Pine mpya kutoka Ulaya ni dola zenye hatuna. Akaenda kwa fundi wa kinga, akapewa kipande cha shambrea ya pikipiki. Akakata mikanda miwili, akakwangua meno yaliyobaki mpaka pine ikawa laini kabisa, akapaka ile gundi ya kuziba matundu, akavalisha mkanda juu. Ikakaa usiku mzima imefungwa na kamba. Hakuna kitabu alisoma. Mimi njo nilikuwa na vitabu, na nilikuwa nimekaa pembeni nikiangalia mtu anafanya mu uwanja wetu kile nilichosoma usiku kwamba kilifanywa mu parkingi za mbali kabla hatujazaliwa.

Mwanzo ilipinduka zaidi kuliko zamani, juu mpira wa shambrea unashika lami kama mkono. Akaweka vipande vya mpira ndani ya resori za nyuma ili zisishuke mingi, na akafunga uzito kidogo wa risasi chini ya chasi. Sasa inapiga kona. Si kona ya dunia, lakini inapiga.

Noeli ilipokaribia nilijua lazima niseme. Nikatumia yaya sauti ku WhatsApp, dakika sita nzima, naeleza lami, meno, batri, ndoo ya mchanga, shambrea. Nilingoja siku mbili. Akarudisha sauti ya sekunde kumi, nyuma yake nasikia magari ya Bruxelles. Alikuwa anacheka. Akasema yale meno ya katikati yalikuwa yameanza kuisha kabla hajainunua, na yeye mwenyewe aliimalizia nusu ku parkingi ya duka kubwa, siku ya Mungu, juu kule Bruxelles mchanga hakuna. Kisha akauliza: "Sasa ku kona inapita namna gani?"

Jumapili iliyopita tulimtumia video. Mutuka inapiga kona ya kwanza, ya pili, watoto wanapiga kelele, ya tatu inateleza, inainua pine moja juu, inakaa hivyo kidogo, inarudi chini. Ile ya ine haionekane mu video, juu ndugu yangu mdogo alikuwa ameangusha simu.